Mume Niliyemkuta Getini

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya mlango wangu, ufunguo mkononi, macho yameganda kwenye jozi ya viatu vya kiume vilivyopangwa vizuri juu ya kizulia changu kipya. Mimi naishi peke yangu. Sina mume, sina mchumba, na kaka yangu tangu nimjue hajawahi kuvaa viatu vya ngozi.

Kwa anayeanza leo nitasema kwa kifupi, kisha turudi pale mlangoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na ushee. Nashika mashine ya kukata mikate kiwandani, naingia alfajiri, natoka mchana. Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu mpaka wifi alipoamua kwamba pumzi zangu zinamaliza hewa ya watoto wake. Nikaanza kutafuta nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, yenye sebule, jiko na choo cha ndani. Nilitaka kitu kidogo cha mtu mmoja, chenye mlango ambao nikiufunga, umefungwa.

Nyumba zilikuwepo tele. Tabu ilikuwa wenye nyumba. Kila nilipogonga hodi, swali lilikuwa lile lile: mumeo yuko wapi? Nikisema sina, sura ya mwenye nyumba inabadilika, na nyumba iliyokuwa wazi tangu mwezi uliopita inakuwa imepata mtu asubuhi ile ile. Nilizunguka mpaka soli zikaniaga.

Ndipo dalali wangu aliponipa akili yake. Dalali huyu wanamwita Chapchap, kwa sababu huongea huku anatembea, na ukitaka kusikia mwisho wa habari lazima umfuate.

"Dada, shida yako wewe si nyumba," aliniambia. "Shida yako ni mume. Ile ghorofa ya kwenye kona, mama mwenyewe kaniambia lazima amwone mume kwa macho yake. Basi tumwonyeshe mume. Nina mtu wangu, ni mstaarabu, anakuja anasalimia anaondoka. Mume wa saa moja."

Tukakubaliana. Mtu huyo angesimama getini asubuhi, amevaa shati jeupe.

Nilipofika, mtu alikuwa getini. Shati lake jeupe. Alikuwa anatazama madirisha ya juu. Nikamsogelea, aibu imenijaa mpaka masikioni, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, wewe ndiye mume wangu?"

Alinitazama kitambo. Akaitazama tena ghorofa. Akasema, "Ndiye mimi."

Nikamshika mkono, tukaingia, nikasema huyu ndiye. Mama Mwenye Nyumba alimkagua kama mtu anayenunua kabati. Akamwuliza kazi, akajibu kazi zake ni za safari, leo yuko hapa kesho yuko kule. Akamwambia avue miwani. Akavua. "Haya," Mama akasema, "sura nimeishika." Nikapewa ufunguo.

Tulipotoka nilimpa yule bwana ahsante yake, akaikataa. Akasema tutaonana. Mimi nikadhani ni adabu. Nikahamia, nikanunua kizulia, na kwa majuma kadhaa nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Msinicheke. Sasa turudi kwenye viatu.

Mlango haukuwa umefungwa. Niliusukuma kwa kidole kimoja.

Yule bwana alikuwa ameketi kwenye kiti changu, na kiti ninacho kimoja tu. Shati jeupe, miwani, begi miguuni. Mbele yake alisimama Mama Mwenye Nyumba na shada lake la funguo, anatabasamu kama aliyeniletea zawadi.

"Mwenyewe huyo," alisema Mama. "Mwanangu, mbona hukuniambia mkwe anarudi leo? Nimemkuta getini na begi lake kama mgeni. Nikamfungulia mwenyewe."

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema, huyu simjui. Lakini ningesemaje simjui, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikamleta? Nikisema ukweli, nimemdanganya Mama, na aliyemdanganya Mama anatoka siku hiyo hiyo na godoro lake kichwani. Nikaiona sura ya wifi akinifungulia mlango. Nikameza maneno, nikaweka ufunguo mezani.

"Karibu," nilimwambia yule bwana. Nasema kweli, hilo ndilo neno lililonitoka.

"Nimeshakaribia," alijibu.

Mama akacheka. Alidhani tunaoneana haya mbele ya mtu mzima. Akaelekea mlangoni, kisha akageuka.

"Mkwe, ukishapumzika unitazamie lile bomba la bafuni kwangu, linadondoka wiki nzima. Umesema una mkono wa mabomba."

"Hata sasa hivi, mama."

"Pumzika kwanza. Mlango wangu nitauacha wazi, mimi nitakuwa juu naanika. Mpwa wangu yumo chumbani mwake, ni mgonjwa, hatoki wala haongei na watu. Usimjali."

"Wala," alisema yule bwana.

Huyo mpwa hakuna mpangaji aliyewahi kumwona. Tulichokijua ni cherehani yake. Katikati ya jengo letu kuna uwazi mwembamba unaopanda kutoka chini mpaka paani, wa kupitishia hewa na mwanga, na madirisha ya majiko yote yanafungukia humo. Mama anakaa chini kabisa, mimi ghorofa ya pili. Kutwa nzima sauti ya cherehani hupanda kupitia uwazi ule, ikaenda, ikatulia kidogo, ikaenda tena. Nilikuwa nimeizoea hata nikawa naiona kama mwenzangu wa nyumbani.

Mama alipotoka, yule bwana aliinuka, akaenda jikoni, akafunga dirisha. Alilifunga polepole, akateremsha komeo kwa kidole ili lisigonge. Sauti ya cherehani ikafifia.

Nilijua kwa nini anafunga. Anafunga ili nikipiga kelele nisisikike. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nani amekutuma?" nilimwuliza.

"Ongea taratibu, mke wangu."

"Mimi si mke wako."

"Kamwambie Mama."

Alikuwa amenishika pale pale panaponiuma, na alijua. Hakuwa na hasira wala haraka. Mtu mwenye hasira nimemzoea, wifi kanifundisha. Huyu alikuwa mtulivu kama yuko kwake.

"Kama ni malipo, nitakulipa," nilisema. "Nilikupa ukakataa. Nitaongeza."

"Sitaki kitu chako."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Angetaka pesa ningejua pa kuanzia. Mtu anayekaa kwenye kiti chako akakwambia hataki kitu chako, basi kuna kingine anachokitaka, na chumbani mle tulikuwa mimi na yeye tu.

"Nitakaa siku mbili tatu," alisema. "Sitakugusa. Nitalala hapa sebuleni. Ukikaa kimya, mimi nitaondoka na wewe utabaki na nyumba yako. Ni nyumba nzuri hii. Uliipata kwa shida, eh?"

"Kwa shida."

"Basi itunze."

Akaanza kutembea. Alifungua kabati la jikoni, akalifunga. Akachungulia bafuni. Akaja dirishani, akayashika mapazia, mapazia ya buluu niliyoyakuta wakati nahamia.

"Haya umeshona wewe?"

"Nimeyakuta. Ya mpangaji aliyekuwa kabla yangu."

"Alihamia wapi?"

"Sijui. Mama anasema alihama ghafla."

Akalikunja pindo la pazia, akalitazama upande wa ndani. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu, kitambaa cha buluu na uzi mwekundu, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza nilipoyafua. Akapitisha kidole gumba juu ya uzi ule, mwanzo mpaka mwisho.

"Mshono mzuri," alisema, akacheka peke yake. "Na huyu anayeshona huko chini, anashona kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Mimi nimemkuta anashona."

"Umewahi kumwona?"

"Hakuna aliyemwona. Ni mgonjwa. Chumba chake kiko nyuma, baada ya bafu."

Nilijibu yote hayo mbio mbio. Nilikuwa na furaha ya kijinga kwamba anauliza habari za watu wengine, haulizi zangu. Angeniuliza rangi ya mlango wa chumba cha mpwa ningemtajia. Hofu ilikuwa imenigeuza kuwa mtu wa maelezo.

"Naomba niende bafuni," nilisema.

"Si kwako?" alijibu. "Unaniomba mimi?"

Niliingia, nikatia komeo, nikafungua bomba maji yapige kelele. Nikampigia Chapchap. Alipokea huku anahema, yuko njiani kama kawaida yake.

"Chapchap, mtu wako yuko ndani kwangu. Amekuja na begi. Mwite, mwambie atoke."

"Mtu wangu nani?"

"Mume. Yule uliyeniletea siku ya kuona nyumba."

Hatua zake zilikoma. Tangu nimfahamu yule mtu, sijawahi kumsikia amesimama.

"Dada," alisema, "mtu wangu hakuja siku ile. Tumbo lilimkamata njiani akarudi kwao. Nilikupigia nikwambie, hukupokea. Baadaye Mama akanipigia kwamba umepewa nyumba na mumeo amempenda. Nikajua umejitafutia wako. Nikasema huyu dada mjanja."

"Alikuwa getini, Chapchap. Shati jeupe."

"Nusu ya wanaume wa mji huu wana shati jeupe."

"Nilimwuliza kama ndiye mume wangu. Akakubali."

"Ulimwuliza hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Toka humo ndani," alisema. "Usibishane naye, usichukue kitu, toka. Niko upande wa pili wa mji lakini nakuja." Na nikasikia ameanza kukimbia.

Niliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Basi yule mtu hakutumwa na yeyote. Alikuwa amesimama getini kwa mambo yake, anatazama madirisha, akatokea mwanamke asiyemjua akamwuliza kama ndiye mume wake. Na yeye, badala ya kushangaa kama mtu yeyote mwenye akili timamu, akafikiri kidogo akaona inamfaa.

Inamfaa kwa nini? Nilijiuliza hilo mara nyingi, na kila mara jibu nililolipata lilikuwa mimi. Amenipenda, amenifuata, ataniua. Mtaniwia radhi, mtu akishikwa na hofu hujiona yeye ndiye kitovu cha kila jambo.

Nilifunga bomba, nikatoka.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule. Begi lilikuwa wazi, na mkononi alikuwa na spana, ile kubwa ya mabomba.

"Simu ya nani?" aliuliza.

Nilidhani maji yamenificha. "Ya kiwandani," nilisema. "Mashine imeharibika."

"Mashine zinaharibika," alisema. Akaigeuza spana, akaitazama upande huu na upande ule. "Nashuka kwa Mama. Wewe kaa hapa."

Akachukua ufunguo wangu uliokuwa mezani, akautia mfukoni. "Usitoke," alisema. "Nikirudi nikakuta hupo, nitajua umekwenda kusema. Na wewe ukisema huna nyumba. Sivyo?"

"Ndivyo."

Akafungua mlango, akautanua kidogo tu, kiasi cha kupita ubavu. Viatu vyake aliviacha pale pale kizuliani. Alishuka ngazi na soksi, na ngazi zetu za saruji ambazo hata paka akipita unasikia, hazikutoa sauti yoyote.

Viatu vile vilinitisha kuliko spana. Niliona ndiyo alama yake kwamba anarudi.

Nilisimama pale sijui kwa muda gani. Kushuka barabarani nilikuwa na uwezo, lakini ngazi zinapita mbele ya mlango wa Mama, na yeye yuko humo. Kubaki nilikuwa na uwezo pia. Ningekaa kimya siku mbili tatu, angeondoka, na mimi ningebaki na sebule yangu, jiko langu na mlango wangu unaofungwa. Sitawaficha, nililifikiria hilo. Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, huku nikiangalia kuta nilizozipaka rangi mwenyewe.

Kisha nikatazama meza, mahali ufunguo ulipokuwa. Nikaona sina nyumba. Mlango ambao mtu mwingine ana ufunguo wake na wewe huna, huo si wako.

Nikapiga moyo konde. Nikavua na mimi viatu, nikapanda juu paani.

Mama alikuwa kati ya mashuka yaliyoanikwa, vibanio vya nguo vimemjaa mdomoni. Upepo ulikuwa unayapeperusha mashuka. Pembeni, ule uwazi wa hewa ulikuwa umezungushiwa ukuta mfupi, na sauti ya cherehani ilikuwa inapanda kutoka chini, inakwenda vizuri tu.

"Mama, yule si mume wangu."

Alitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. "Mmeshagombana? Hata chai hajanywa."

"Hatujagombana. Simjui."

"Mwanangu, hata mimi marehemu nilikuwa namwambia simjui, na nimezaa naye."

"Mama, nisikilize. Nilikudanganya. Sina mume, sijawahi kuwa naye. Dalali alisema bila mume hunipi nyumba, akasema ataniletea mtu. Mtu wake hakuja. Nikamkuta huyu getini, nikadhani ndiye. Nikamleta kwako. Simjui jina, simjui anakotoka. Amechukua ufunguo wangu."

Nilisema yote kwa pumzi moja, nikaanza kulia. Nilikuwa nalilia nyumba. Nilijua nimeshaipoteza.

Mama alikuwa ananitazama, na kicheko kilikuwa kinamtoka usoni kidogo kidogo.

"Nani alikwambia bila mume sikupi nyumba?"

"Chapchap. Alisema lazima umwone mume."

"Nilimwambia mwenye mume amlete nimwone. Asiye na mume sina neno naye, anipe kodi akae. Yule mtu hasikii, anakwenda tu." Alinishika bega kwa nguvu. "Ungekuja peke yako ukaniambia uko peke yako, ningekupa nyumba ile ile."

Nilikosa pa kujificha. Majuma yote yale ya uongo, na mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

"Kwa nini basi unataka kuwaona waume za watu?" nilimwuliza.

Mama alitazama nyuma yake, kana kwamba mashuka yana masikio. Akashusha sauti.

"Aliyekaa humo kabla yako alikuwa binti wa peke yake, fundi wa kushona. Alikuja mjini akimkimbia mtu. Siku moja nimesafiri, mtu huyo akatokea getini. Akamwambia mlinzi niliyekuwa naye wakati huo, mimi ni mume wa yule dada wa juu, nifungulie nimshtukize mke wangu. Mlinzi akaona ni jambo la furaha, akamfungulia. Mimi nilirudi nikamkuta binti hospitalini, mkono umevunjika, hajui kama macho yatarudi kuona vizuri."

"Na yule mtu?"

"Alitoroka. Mlinzi nikamfukuza. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona, ndiyo maana nikaapa. Nikasema, mume wa mtu simfungulii geti mpaka mke mwenyewe aje naye, amshike mkono, aniambie huyu ndiye. Nimvue miwani nimwangalie. Ili sura niishike, asije tena mtu akanidanganya."

Nilikuja naye nimemshika mkono. Nikasema, huyu ndiye.

"Mama," nilisema, "yule binti alihamia wapi?"

Alisita. Nadhani aliapa pia kutomwambia mtu.

"Hakuhama," alisema. "Nilitangaza tu kwamba amehama. Nilimteremsha kwangu, nikasema ni mpwa wangu mgonjwa. Mkono umeshapona, sasa nangoja yule mtu achoke kumtafuta."

Hapo vyote vilinijia kwa pamoja. Uzi mwekundu kwenye pindo, na kidole gumba cha yule bwana kikitembea juu yake. Dirisha la jikoni, ambalo hakulifunga kwa ajili ya kelele zangu. Alilifunga ili sauti yake isishuke chini ikatambuliwa na mtu anayeijua. Na mimi nimesimama na mgongo ukutani, nikimweleza vizuri kabisa, chumba chake kiko nyuma, baada ya bafu.

Mama naye alikuwa ananitazama usoni, na alisoma kila kitu kabla sijasema.

"Umemwacha wapi?" aliuliza. "Yuko kwako?"

"Ameshuka kwako. Kutazama bomba."

"Sikusikia mtu akishuka."

"Hakuvaa viatu, Mama."

Vibanio vilimwagika sakafuni. Tulikimbilia ule ukuta mfupi, tukainama juu ya uwazi. Chini kabisa kulikuwa na giza na mwanga kidogo wa dirisha, na cherehani ilikuwa inakwenda, inatulia, inakwenda. Alikuwa anashona. Hakuwa na habari.

Mama alifungua kinywa kumwita. Nikamwona amevuta pumzi, jina liko ulimini. Kisha akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, akanitazama kwa macho ya mtu anayezama.

Nilielewa. Akimwita kwa jina lake, yule mtu aliyeko nje ya mlango wa chumba atakuwa na hakika. Asipomwita, binti atasikia hodi, atadhani ni Mama, atafungua.

"Mpwa wangu," Mama aliita kwa sauti iliyokatika. "Mpwa wangu, usifungue..."

Chini, cherehani ikanyamaza.